Simama, Shem!

Tangu nirudi kutoka Kanada, vijana wa steji ya boda boda wananiuliza pikipiki ya theluji ina gia ngapi. Mama ananiuliza kama nilikuwa nakula. Mimi swali langu ni jingine kabisa: mtu ameendesha pikipiki Nairobi miaka yote hii, amepita Jogoo Road saa ya watu kutoka kazini na mzigo nyuma, inakuwaje anafika kwenye theluji hajui hata mahali pa kuweka miguu?

Nianze na la gia, maana ni rahisi. Haina gia. Ina mkanda unaozunguka kati ya puli mbili zinazojibana na kujiachia kadiri injini inavyokwenda, mtindo uleule wa skuta. Mafuta hufungui kwa kuzungusha mkono. Kuna kijiti upande wa kulia unachokisukuma kwa dole gumba. Breki iko kushoto. Mbele kuna ski mbili za kutelezea mahali pa gurudumu, na chini ya kiti kuna mkanda mwingine, mpana, wa mpira mgumu wenye meno, ambao ndio unaosukuma mashine nzima. Pia kuna kamba fupi unayojifunga kwenye jaketi. Ukianguka inachomoka na injini inazima, la sivyo mashine ingeendelea na safari bila wewe.

"Na ikizama huko msituni," kijana mmoja akauliza, "nani anasukuma, mkubwa?"

Huyo ndiye aliyegusa penyewe.

Shemeji, mume wa dada yangu, ni fundi wa malori katika mji wa Revelstoke, British Columbia, magharibi mwa Kanada. Mji wenyewe uko kando ya mto Columbia, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Nairobi tuko karibu mita 1,800. Nilipomwambia mama hivyo akanikata jicho: kama sisi tuko juu, mbona theluji iko kwao? Wako nyuzi 51 kaskazini mwa ikweta, na mawingu yenye unyevu wa bahari ya Pasifiki yakigonga milima ile hupanda, hupoa, humwaga kila kitu palepale. Theluji yetu lazima uipande Mlima Kenya kuifuata, na hata huko inazidi kwisha. Kule inakufuata mpaka mlangoni. Unaamka asubuhi unatafuta gari kwa kukumbuka ulikoliacha.

Mwanzoni tulibaki kwenye njia zilizoshindiliwa kwa mashine, na hapo sina mengi ya kusimulia. Unakaa, unasukuma dole, unakata kona kwa usukani, na kabla ya chai ya saa nne umeshajiona dereva wa Safari Rally. Kisha shemeji akaelekeza pua ya mashine yake kando, akaingia kati ya misonobari, akapotelea kwenye vumbi jeupe. Nikamfuata vilevile nilivyokuwa nimekaa. Nikageuza usukani kushoto. Mashine ikaenda moja kwa moja. Nikaugeuza zaidi, ikazidi kwenda moja kwa moja, ila sasa polepole, kisha ikakaa chini na theluji ikafika usawa wa kiti.

Kwenye theluji laini ski hazina kitu cha kuuma. Usukani unaugeuza utakavyo, nao hauna habari. Kinachokuweka juu ni urefu wa ule mkanda pamoja na mwendo. Mashine ya shemeji ni Ski-Doo Summit ya zamani kidogo, cc 800, mkanda wa inchi 154 wenye meno ya inchi 2.5, zile za kwenye njia huwa na mkanda mfupi zaidi na meno yasiyozidi sana inchi moja. Ina uzito wa kama kilo 200 hata kabla ya kutia mafuta. Kilo 200 juu ya kitu ambacho wewe mwenyewe ukikanyaga unazama hadi kiunoni. Inaelea kwa sababu inakwenda, na ikiacha kwenda inakumbuka uzito wake.

Ndiyo maana mkono uliofunzwa na barabara za Nairobi unakuponza. Hapa kwetu, ukiona mambo huyaelewi, unapunguza mwendo. Matatu imeyumba mbele, unapunguza. Mama mboga anavuka bila kutazama, unapunguza. Mkono umeshazoea kufanya hivyo kabla kichwa hakijaamua. Kule, kila nilipopunguza kwa sababu ya wasiwasi nilizama, na kila nilipozama shemeji alikuwa pale mbele amegeuka, akipiga kelele kwa Kiswahili katikati ya msitu wa Wazungu:

"Simama, shem! Wacha kukaa! Ning'inia nje kama makanga!"

Wallahi hilo la makanga ndilo lililonifungua akili. Ukitaka kwenda kushoto unahamia kwenye ubao wa kukanyagia wa kushoto, mara nyingi kwa mguu wa kulia, na ule wa kushoto unabaki nje unaning'inia au unaburura theluji, mwili wote umetoka kama makanga mlangoni mwa matatu ya Rongai. Kisha unageuza usukani kulia. Ndiyo, kulia. Unauvuta kuja kwako na kuongeza mafuta kidogo, mashine inalala ubavu, inabaki juu ya ukingo mmoja wa mkanda na ski moja, na inakata upinde kwenda kushoto ulikokuwa unataka. Kwa ajili hiyo ski za mashine za milimani hukaribiana kuliko za njiani: zimetengenezwa zilale.

Nilibishana naye kuhusu usukani mpaka tulipokuwa tunakula jioni, na ni dada aliyetukumbusha kwamba boda boda nayo hufanya hivyohivyo. Ikiwa kasini na unataka kulala kushoto, mkono wa kushoto unasukuma hendeli mbele kidogo, yaani gurudumu linageukia kulia kwa nukta moja kabla pikipiki haijalala. Kila mtu wa steji anafanya hivyo na ukimwambia atakuapia kwamba hafanyi. Kwenye theluji unafanya kwa mwili mzima, tena polepole, kwa hiyo huna pa kujificha; ama unajua ama hujui.

Upinde wa kwanza uliokubali naukumbuka kwa dole gumba. Kijiti cha mafuta kina waya wa kupasha moto ndani yake, raha niliyoipenda kuliko zote za Kanada, na nilikuwa nakisikia chini ya glavu, moto, nimekishika nusu, wala sikukaza wala kulegeza. Ski ya kulia ilikuwa hewani inatetemeka usawa wa goti langu. Theluji ikanirukia kifuani, ikapanda hadi kwenye miwani, na kwa sekunde kadhaa sikuona chochote, lakini mashine ilikuwa imeegemea mahali pake na haikuhitaji nione. Kisha nikaona, nikashtuka, nikaachia mafuta. Nikazama.

Sasa kuzama. Ukisikia mkanda unazunguka na mashine haiendi, achia mafuta hapohapo. Ukiendelea kukaza unajichimbia shimo. Meno yale yanatupa theluji nyuma na wewe unashuka. Unashuka kwenye mashine, unagundua huwezi kusimama kwa sababu hakuna chini, unatambaa kwa magoti. Unatoa sepetu. Unachimba mbele ya ski na ubavuni, unakanyagakanyaga theluji ili iwe ngumu, unasubiri kidogo ishikane, kisha unaiviringisha mashine ubavu ili lile shimo lijae, unaigeuza pua ielekee mteremkoni, na unaanza kwa mafuta kidogo sana. Kama nguvu bado zipo. Miwani imeshafuka mvuke, shati la ndani limelowa jasho, na jasho kwenye baridi ile ni adui, ukisimama tu linakugeuka. Kuna moshi wa mafuta ya injini unaonasa puani siku nzima. Kwa hiyo nilipomjibu yule kijana wa steji kwamba anayesukuma ni wewe mwenyewe, nilikuwa nimefupisha sana.

Mzee jirani alipoona picha zangu akamtaja Philip Boit, kama watu wa umri wake wanavyomtaja kila theluji inapotajwa: Mkenya aliyeshiriki mbio za ski za kilomita 10 kule Nagano mwaka 1998, akafika wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja kwenye mstari ili amkumbatie. Mimi nilingojwa pia, lakini na mtu aliyekuwa anakunywa chai kwenye thamosi na kunichukua video.

Alinifundisha pia kusimama vizuri, jambo lenye maana kuliko nilivyodhani. Hukamati breki. Unachagua mahali ambapo pua itatazama mteremko, unaachia mafuta, mashine inatulia yenyewe juu ya theluji. Ukisimama umetazama kilima, kuondoka kwako ni kwa sepetu. Na usipaki karibu na shina la msonobari; matawi huzuia theluji isishindiliwe chini yake, panabaki shimo la theluji legevu ambamo mtu anaweza kuingia kichwa chini asitoke.

Hapo ndipo mazungumzo yalibadilika sauti. Shemeji ni mtu wa mzaha, lakini asubuhi, kabla ya kushusha mashine kwenye trela, mzaha huwa haupo. Kila mtu anavaa kifuani kifaa kidogo cha redio kinachotoa mawimbi ya kilohezi 457, ili akifukiwa na theluji wenzake wamtafute kwa vifaa vyao, na mmoja anasimama akivipima vya wengine wakipita mmoja mmoja, simu zimewekwa mbali navyo. Kila mtu ana sepetu na fimbo ndefu ya kukunja ya kudungia theluji kumtafuta aliye chini, na vyote viko mgongoni, kwa sababu mashine inaweza kufukiwa na mizigo yake. Mtu aliyefukiwa na maporomoko ya theluji ana nafasi nzuri ya kutolewa hai kwa kama dakika 10 za kwanza, kisha nafasi hiyo inaporomoka haraka sana. Hakuna muda wa kupiga simu watu waje. Waliopo ndio wanaochimba.

Mji uleule wa Revelstoke ndiyo makao ya Avalanche Canada, taasisi inayotoa taarifa za hatari kwa ngazi tano. Shemeji anasoma taarifa hiyo na chai yake ya kwanza kama mama anavyosikiliza matangazo ya vifo redioni, kwa makini, bila kutafuna. Anasema inayomtia wasiwasi zaidi ni ngazi ya tatu, kwa sababu ya nne na ya tano watu wanabaki nyumbani, na ya tatu wanasema si mbaya sana. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo inayoporomoka zaidi, na bahati mbaya hiyohiyo ndiyo inayovutia macho ya mwenye mashine. Anapanda mtu mmoja kwa wakati. Wengine wanangoja pembeni, pasipofikiwa na chochote kutoka juu, wamezipanga mashine ubavu kwa ubavu. Na mwenzako akizama katikati ya mteremko, humwendei na mashine yako, hata kama ni shemeji.

Nimewaza sana juu ya hilo tangu nirudi. Woga wangu wa barabarani unakaa mkononi, kwenye breki, na unafanya kazi mambo yakiwa yameshaanza. Wa shemeji unakaa mezani asubuhi na pale chini ya mteremko anapozima injini na kuangalia juu kwa muda mrefu. Akishaamua, mkono wake hauna woga hata kidogo. Akiamua hapana, tunageuka, na hakuna anayenung'unika ingawa tumebeba mafuta ya siku nzima. Tuligeuka mara kadhaa. Mara moja niliona uchungu kweli, jua limetoka, theluji haijaguswa, na yeye akatikisa kichwa tu akaiwasha yake kurudi.

Jumapili iliyopita, mvua ya masika imetandika, nikaenda na wenzangu kule nyuma ya Kitengela kwenye udongo mweusi nione kama kuna nililopata. Kusimama kulisaidia, miguu imekuwa na akili mpya. Mengine hapana. Tope letu halina kuelea. Ukiongeza mwendo linapanda, linajaza kati ya tairi na madigadi, gurudumu linakwama kabisa na unaburura pikipiki kama maiti. Wenye akili hung'oa madigadi nyumbani kabla ya kutoka. Nilipoanza kueleza habari ya kugeuza usukani kulia ili uende kushoto, jamaa mmoja, matope mpaka kwenye nyusi, akaniambia niende nikawaambie Wakanada.

Shemeji amenitumia picha ya mashine imefunikwa turubai, msimu wao unaisha. Anasema Januari nikija hatanipeleka tena juu ya mstari wa miti, pale miti inapoishia, mpaka nifanye kozi ya maporomoko, ile ya kwanza, ya siku mbili, darasani na mlimani. Nauli tutasaidiana, anasema. Kozi nitalipa mwenyewe.