Nyota za ukutani na nyota za kwenye simu

Juzi jirani yangu wa hapa Jambiani, Zanzibar, kanifuata kibarazani, keshamaliza vijumba vyake viwili vya makuti, magodoro na neti keshanunua, sasa anataka nimwambie ajiunge na umoja wa wenye nyumba za wageni na atafute nyota zile za ubora kama za mahoteli, au ndo kutupa pesa tu. Nikamwambia shoga kaa kitako tunywe chai kwanza, hili lina maneno.

Leseni iweke pembeni. Leseni ya Kamisheni ya Utalii si ya kuchagua, ni sheria, ukilaza wageni kwa pesa unatakiwa uwe nayo, na makampuni ya kutembeza wageni wakitaka kukuletea watu cha mwanzo wanaomba kopi yake. Lakini leseni haikutangazi. Mtu analipa, anaitundika ukutani, anakaa kungoja wageni kama anangoja mvua ya masika!

Sasa nyota. Hizi za Afrika Mashariki ni 1 mpaka 5, na wengi hawajui kama vijumba kama vyetu vina fungu lao na villa na apatimenti, yaani hupimwi sawa na lile hoteli la Nungwi lenye ghorofa na mabwawa. Mimi sina nyota hata moja na sijawahi kuulizwa na mgeni. Mmoja alokuja Disemba, Muingereza, na yeye ana kijumba chake cha kukodisha kwao, akanambia kule England nyota za VisitEngland, shirika lao la utalii, ni hiari na unazilipia mwenyewe, yeye kazilipia miaka kisha kaacha, wageni wakawa walewale, ila Northern Ireland huna ujanja, bila ya cheti cha serikali hulazi mtu.

Lakini ngoja nkwambie kitu. Mwaka ule wa mwanzo alikuja kijana wa Kamisheni kukagua nyumba, mpole hata nikamdharau. Akaingia chooni, akafungua bomba, akachovya kidole akaonja. "Chumvi," akasema, akaandika. Kisha akaivuta neti akaielekeza dirishani kwenye mwanga akahesabu matundu, matatu, na mimi usiku ule nlikuwa nimeitandika kwa mbwembwe zote. Akauliza mtungi wa kuzimia moto uko wapi, nikacheka. Nlikasirika wiki nzima.

Basi haikupita miezi miwili, mgeni kaandika kule Booking.com, mtandao wageni wanakokatia vyumba na kuacha maoni yao, kuwa bahari nzuri, mama mwenye nyumba mzuri, ila maji ya bafu ya chumvi nywele zimekuwa kama kamba. Kanipa 5 kwa 10. Nlikuwa na rivyu, hayo maoni ya wageni, nne tu, zote 10, hesabu mwenyewe, nikashuka mpaka 9 kwa mtu mmoja, na ukiwa mdogo kila mmoja anakuangusha namna hiyo, mwenye rivyu mia tano hata haoni. Na hao Booking wanakata kama asilimia 15 ya kila mgeni, juu ya hapo wageni wenyewe ndo wakaguzi. Yule kijana alikuwa kashanambia, tena angalau yeye aliandika kwenye karatasi yake, si mbele ya dunia nzima.

Umoja je? Nlijiunga na mmoja, siutaji. Kiingilio, ada ya mwaka, cheti chenye fremu ya dhahabu, na grupu la WhatsApp lilojaa Ijumaa Karim na maua. Miezi minane sikuona mgeni hata mmoja kutoka huko nikawa nasema wametula. Halafu krismasi mwenzangu wa Paje, tulojuana mkutanini tu kwa kukaa jamvi moja, vyumba vyake vikajaa, akanletea familia ya watu watano siku tisa. Ada ikarudi na chenji. Lakini si jina la umoja lililonletea, ni kule kwenda mkutanini, na nusu ya wanachama hata hawaendi, wanatuma ada tu halafu wanalalamika kwenye grupu, astaghfirullah.

Shoga kasikiliza yote hayo, sambusa kamaliza yeye. "Sasa nilipe nisilipe?" Nikamwambia nenda kafungue bomba lako uonje kwanza.

Kaenda. Karudi anatema mate, kaniomba namba ya yule wa boza la maji.