Kumbukumbu ya mradi: kuisoma historia ya HAL Laboratory ndani ya kaseti zake

Mradi huu unaifuata studio moja ya Kijapani, HAL Laboratory, kwa kufungua kaseti zake za gemu na kusoma kilichomo kwenye chipu zake, moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa miaka. Swali ni hili: studio iliyoanzishwa Tokyo Februari 1980 ilijifunza wapi kubana gemu kubwa kwenye nafasi finyu? Kwa tulipofika, jibu ni kwamba ilianza na kazi hiyo tangu mwanzo, kwenye kimraba cha nukta za skrini 8 kwa 8.

Bidhaa zake za awali hazikuwa gemu tu. Ilitengeneza PCG, kifaa cha kuchomeka kwenye kompyuta za nyumbani za enzi hizo kama PC-8001. Maumbo ya herufi za kompyuta hizo yalikuwa yamefungwa ndani ya chipu, hayabadiliki. PCG ilimwezesha mtumiaji kuchora maumbo yake mwenyewe, na skrini ya herufi ikageuka skrini ya gemu. Famicom na Game Boy, mashine za gemu za Nintendo, nazo huchora picha kwa vimraba vya 8 kwa 8, kila kimoja kikila baiti 16. Wengi huianza historia hii kwa Kirby, mhusika maarufu wa HAL. Sisi tumeianza hapa, na tunaamini ndipo mahali pake.

Kaseti ya kwanza kukamilika: Balloon Fight ya Famicom, 1985

Gemu nzima ni KB 24: 16 za programu na 8 za picha, yaani vimraba 512 basi. Programu ya toleo hili iliandikwa na Satoru Iwata, aliyeanza HAL kama kibarua akiwa bado mwanafunzi. Mtu aliyefungiwa maputo anapaa na kushuka kwa ulaini wa ajabu, na sababu ni ya kihesabu: mahali alipo hukokotolewa hadi sehemu ndogo za nukta, si nukta nzima nzima. Ukimwangalia anapopoteza kasi, haruki kutoka nukta hadi nukta. Anapunguza mwendo polepole kama jani majini. Mbinu hiyo baadaye walifundishwa waandishi wa programu ya Super Mario Bros. kwa ajili ya sehemu za kuogelea.

Tahadhari kwa anayelinganisha mafaili: faili la Famicom kwa kawaida lina baiti 16 za utangulizi ambazo hazimo kwenye kaseti. Balloon Fight hutoka baiti 24,592 badala ya 24,576. Ondoa hizo 16 kwanza, la sivyo jumla ya uhakiki haitalingana na utadhani kaseti ni mbovu.

Kirby's Dream Land, Game Boy, 1992

Hapa ndipo kazi ilipokuwa nyingi. Kaseti hufunguliwa kwa bisibisi maalumu ya mm 3.8, usijaribu kisu, plastiki ya zamani hupasuka. Safisha meno ya shaba kwa kijiti cha pamba na spiriti ya asilimia 90 au zaidi, halafu subiri dakika 10 ikauke. Usitumie msasa: unakwangua dhahabu ya juu na kutu hurudi haraka kuliko mwanzo.

Gemu ni KB 256, lakini Game Boy huona KB 32 tu za kaseti kwa wakati mmoja. Chipu iitwayo MBC1 hufanya kazi ya kufunua kurasa: kuna kurasa 16 za KB 16. Ukurasa namba 0 hukaa wazi daima sehemu ya chini, na zilizobaki hupokezana sehemu ya juu. Kosa la wanaoanza ni kuomba ukurasa 0 kwenye dirisha la juu. MBC1 hubadilisha 0 kuwa 1, hivyo faili linaanza na ukurasa 1 na ukurasa 0 haumo kabisa. Soma 0 kutoka dirisha la chini, kisha 1 hadi 15 kutoka la juu.

Usomaji ukiharibika, angalia aina ya uharibifu. Faili lote likiwa FF (thamani ya juu kabisa ya baiti), kaseti haijagusana na kifaa cha kusomea au umeme haufiki. Nusu mbili zikifanana neno kwa neno, jino mojawapo la anwani ni chafu. Baiti chache zikibadilika kila unaposoma, rudia kusafisha meno ya data. Tunasoma mara 3 na hatukubali faili hadi zote zifanane.

Kwenye anwani 0x0134 jina la toleo la Marekani, KIRBY DREAM LAND, linajaza nafasi zote 16 bila kubakiza hata moja. Baiti ya 0x0147 ni 01, yaani MBC1 bila betri. Gemu hii haihifadhi chochote.

Nje ya kazi hii ya mezani kuna hesabu nyingine, ya fedha. Mwaka 1991 HAL ilikuwa imetoa Metal Slader Glory ya Famicom, gemu la picha lililochukua miaka kadhaa na kufika MB 1. Mwaka uliofuata kampuni ilikuwa imezama kwenye deni la yeni bilioni 1.5. Iwata akawa rais wa HAL 1993, na deni likalipwa. Kirby's Dream Land ya mbunifu Masahiro Sakurai, yenye mhusika wa mviringo usio na mapambo, iliuza zaidi ya nakala milioni 5.

Kirby's Adventure, 1993

KB 512 za programu na 256 za picha: ndio ukomo wa MMC3, chipu ya kufunua kurasa upande wa Famicom. HAL iliijaza hadi ukingoni. Ukilinganisha na Balloon Fight, ni mara 32 katika miaka minane, kwenye mashine ile ile.

Kaseti hii ina betri ya kuhifadhi maendeleo. Nakili data iliyohifadhiwa kabla ya kugusa betri, maana ikitoka data inapotea. Soma namba iliyochapwa juu ya betri na ununue namba hiyo hiyo yenye vibati vilivyokwisha kuunganishwa kiwandani. Kulehemu moja kwa moja juu ya betri ya kitufe huipasua kwa joto.

Kinachofuata: Kirby Super Star ya Super Famicom, mashine iliyoirithi Famicom, 1996, MB 4. Ndani yake mna SA-1, prosesa ya pili yenye kasi ya MHz 10.74. SA-1 ina kufuli lake ndani na haijibu hadi izungumze na chipu ya kufuli ya mashine, kwa hiyo kifaa cha kusomea tulicho nacho hupokea ukimya tu. Waya wa kufuli umeshachorwa kwenye bodi mpya. Kilichobaki ni kupata chipu ya kujibu upande wa pili.