Kuuchora Mlima Arunachala kwa Kuuzunguka

Arunachala uko Tiruvannamalai, jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Kwa waja wa Shiva, mungu wa Kihindu, mlima wenyewe ndiye Shiva, aliyejitokeza kama nguzo ya moto isiyo na mwanzo wala mwisho. Mungu Brahma alipaa kutafuta ncha, mungu Vishnu akachimba kutafuta shina, wote wakashindwa. Ndiyo maana ibada kuu hapa ni girivalam, kuuzunguka mlima kwa mwendo wa kilomita 14 hivi. Na mchoraji auzunguke pia: picha moja, hata iwe nzuri vipi, inaonyesha ubavu mmoja tu.

Njiani kuna malinga manane, yaani nguzo za mawe za kumwabudu Shiva, kila moja na upande wake wa dunia: Indra mashariki, Agni, Yama kusini, Nirruti, Varuna magharibi, Vayu, Kubera kaskazini, kisha Isanya. Kwa hiyo andaa ukanda mrefu wa karatasi ya rangi za maji, gramu 300 kwa mita ya mraba, uukunje kurasa nane. Kabla ya kukunja, pitisha mgongo wa kisu kwenye kila mstari. Usipofanya hivyo nyuzi za karatasi hupasuka, na rangi hujikusanya kwenye ufa.

Mahujaji hutembea pekupeku, na jua likishapanda lami huunguza nyayo. Anza saa 10 alfajiri, mlima ukiwa kulia kwako. Shika ukingo wa kushoto wa barabara, kwa kuwa upande ulio karibu na mlima huachiwa masidha, yaani watakatifu wenye nguvu za kiroho, na viumbe wa mbinguni wanaozunguka bila kuonekana. Hata kwa kuchora, ukingo huo ndio bora: humzibii mtu njia.

Kila kituo, dakika 10 za penseli zinatosha. Kosa la kawaida ni kuuchongoa mno mlima, maana macho hukuza kile moyo unachokiheshimu. Nyoosha mkono, pima kimo kwa penseli, kisha hesabu kimo hicho kinaingia mara ngapi kwenye upana. Utashangaa mlima ulivyolala.

Rangi ziache kwa siku nyingine, urudi kwa bajaji. Ubavu wa mashariki, nyuma ya hekalu kuu, upake asubuhi. Alasiri jua huwa nyuma ya mlima na mawe yote hugeuka kivuli kimoja. Ubavu wa kaskazini, Desemba na Januari, hupata jua la mshazari tu: kwa vivuli vyake tumia buluu iliyochanganywa na kahawia, kamwe si nyeusi tupu. Mvua za Novemba huchelewesha karatasi kukauka, na tabaka la pili likiwekwa mapema hubomoa la kwanza.

Usiku wa mwezi mpevu usichore, umati ni mkubwa mno. Wakati wa Karthigai Deepam, sikukuu ya taa ya Novemba au Desemba, moto huwashwa kileleni jioni na kuendelea kuwaka kwa siku kadhaa. Subiri watu wapungue. Mwali wenyewe uache karatasi tupu, uzungushie giza. Rangi nyeupe ikipakwa juu ya giza hufifia kama chaki.