Denali kwa Basi: Safari Iliyoanzia Kwenye Tiketi

Hifadhi ya Taifa ya Denali, katikati ya Alaska, ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 24,000, na barabara ya kuingia ndani yake ni moja tu. Inaanzia langoni upande wa mashariki na kwenda maili 92 hadi Kantishna, palipokuwa na wachimba dhahabu zamani. Majira ya kiangazi, gari lako binafsi linaruhusiwa maili 15 za kwanza tu, mpaka Mto Savage, ambapo hata lami inaishia. Ukitaka kwenda mbele zaidi, chagua basi la hifadhi, baiskeli au miguu yako.

Mdogo wangu wa kiume hakufurahishwa na habari hiyo nilipompigia simu kumwalika. Alikuwa ameshaanza kutafuta gari la kukodi.

"Dada, kweli tusafiri mpaka Alaska tukapande basi?"

Nikamwambia asome kwanza kwa nini mabasi yapo, kisha tuzungumze. Kabla ya mwaka 1971 watu wengi walifika Denali kwa treni, na idadi yao haikuwa kubwa. Mwaka huo ilikamilika barabara kuu inayounganisha miji ya Anchorage na Fairbanks, inayopita mlangoni kabisa pa hifadhi. Wasimamizi waliona kitakachotokea: msururu wa magari kwenye njia nyembamba ya changarawe, na dubu wakikimbilia mbali. Basi mwaka 1972 wakaanzisha usafiri wa mabasi na kuyazuia magari binafsi. Uamuzi huo ndio sababu dubu wa leo anaweza kuvuka barabara hiyo mchana kweupe bila kushtuka. Mdogo wangu alisoma, na jioni akanitumia ujumbe mfupi: "Kata tiketi."

Kukata tiketi kwenyewe kunahitaji utulivu. Mabasi yako ya namna mbili. Yapo ya ziara, yenye rangi ya kaki, ambayo dereva wake ni mwongozaji pia. Unapanda na kushuka pamoja na kundi lako, na nauli yake iko juu. Halafu yapo ya kijani, ya usafiri wa kawaida. Muundo wake ni ule wa mabasi ya wanafunzi wa Marekani, viti vyake ni vya kawaida, lakini yanakupa ruhusa ambayo yale mengine hayana: unaweza kumwambia dereva akushushe karibu popote njiani, utembee porini utakavyo, kisha usimame kando ya barabara na kupunga mkono basi jingine la kijani linapopita. Likiwa na nafasi, unapanda. Kwangu mimi hapo hapakuwa na mjadala. Anayetaka kusimuliwa historia na majina ya mimea bila kuhangaika achukue la ziara, hatajuta. Lakini aliyekwenda kukanyaga ardhi ile achukue la kijani.

Nafasi za kiangazi zinaanza kuuzwa mapema sana, tangu majira ya baridi yanayotangulia. Mabasi yenyewe hufanya kazi kuanzia takriban Mei 20 hadi katikati ya Septemba. Sisi tulichagua Juni mwaka 2024, kwa sababu mwezi huo mwanga wa jua unazidi saa ishirini kwa siku na mito haijajaa sana. Kasoro yake ni mbu. Julai kuna joto zaidi na watu wengi zaidi, na mwishoni mwa Agosti uwanda wote unageuka mwekundu na wa dhahabu. Kila mwezi una haki yake, ila theluji inaweza kuanguka mwezi wowote, kwa hiyo koti zito na suruali isiyopitisha maji haviachwi nyumbani.

Jambo moja zito linapaswa kujulikana kabla mtu hajatoa hela. Barabara imekatika. Kwenye maili ya 45 hivi, mahali paitwapo Pretty Rocks, mlima unaporomoka polepole. Chini ya ardhi pale kuna udongo uliochanganyika na barafu ambao ulikuwa umeganda kwa miaka maelfu, na kadiri hewa inavyozidi kuwa na joto, barafu hiyo inalegea na kuteleza pamoja na kila kilicho juu yake. Miaka ya nyuma kipande hicho kilisogea inchi chache kwa mwaka. Kufikia 2021 kilikuwa kinasogea zaidi ya sentimita moja kwa saa. Magari ya kumwaga changarawe yalishindwa kujaza pengo, na Agosti mwaka huo barabara ikafungwa. Tulipokwenda, ujenzi wa daraja la chuma la kuvuka sehemu hiyo ulikuwa unaendelea, na mabasi yaligeuzia maili ya 43, kwenye Mto East Fork. Kwa hiyo picha maarufu za Ziwa Wonder, lililo maili ya 85, hazikuwa zetu. Nilimweleza mdogo wangu yote hayo mapema, asije akahisi ameibiwa.

Kutoka Anchorage tulikwenda kwa treni. Barabara ni kama kilomita 385 na gari linatumia saa nne hadi tano. Treni inachukua karibu saa nane. Bado naitetea treni. Njia ya reli inapita Talkeetna, mji mdogo wanakoanzia wapanda mlima, kisha inavuka bonde la Hurricane kwenye daraja lililo karibu mita 90 juu ya kijito. Ukishuka kituoni uko ndani ya hifadhi tayari, na mabasi ya bure yanakupeleka kambini, kituo cha wageni na mabandani kwa mbwa wa sleji, kigari kinachoteleza juu ya theluji. Mbwa hao ni wafanyakazi hasa: majira ya baridi, barabara inapofunikwa, askari wa hifadhi wanazunguka nao, kama ilivyofanyika tangu miaka ya 1920. Tulipiga hema Riley Creek, kambi iliyo karibu na lango. Pana duka dogo pale, na ndilo la mwisho. Huko ndani hakuna chakula kinachouzwa wala maji ya kununua, kwa hiyo kila abiria anabeba vyake vya siku nzima. Dawa ya kumpulizia dubu usiifikirie kutoka mbali, maana haipandi ndege hata ndani ya sanduku. Inanunuliwa hukohuko Alaska.

Asubuhi ya basi tuliwahi foleni ili tupate viti vya upande wa kushoto, upande wa dereva. Barabara inaelekea magharibi na safu ya milima iko kusini, hivyo ukienda, kushoto ndiko kunakoonesha mengi. Maili za kwanza ni misonobari myembamba na vinamasi, makao ya muusi, kulungu mkubwa kuliko wote duniani. Baada ya Mto Savage miti inapungua, macho yanafunguka, na ndani ya basi watu wanaacha kuzungumza na kuanza kutafuta. Utaratibu ni kwamba yeyote anayeona mnyama anapaza sauti: "Simama!" Dereva anasimama, anazima injini, na kila mtu anashusha sauti. Mikono inabaki ndani ya madirisha.

Wa kwanza kupaza sauti alikuwa bibi mmoja kiti cha nyuma, aliyetuzidi wote kwa macho. Juu kwenye miamba ya eneo la Igloo palikuwa na vitone vyeupe. Bila darubini ungesema ni theluji iliyobaki. Kwa darubini vilikuwa na pembe zilizojikunja. Ni kondoo-mwitu wa Dall. Wanyama hawa ndio waliomleta huku Charles Sheldon, mwindaji na mtafiti wa wanyamapori, mwanzoni mwa karne ya 20, na alipoona wanavyowindwa ili nyama yao iuzwe, alipigania eneo lihifadhiwe mpaka Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka 1917. Nilikuwa nimelisoma jina lake nikiwa naandaa safari. Kuwaona wale kondoo wametulia pale juu, baada ya zaidi ya miaka mia, kulinigusa kuliko nilivyotarajia.

Kwenye Sable Pass, karibu na maili ya 39, hairuhusiwi mtu kushuka na kutembea nje ya barabara, kwa sababu dubu wanalitumia sana eneo hilo. Tulimwona mmoja akiwa na watoto wawili, wote watatu wakichimba mizizi kama vile basi halipo. Sehemu nyingine za hifadhi sheria inadai ukae mita 275 mbali na dubu. Ndani ya basi tulikuwa karibu zaidi, lakini basi wanalijua, watu wa miguu ni jambo jingine.

Tulishuka East Fork. Dereva alitukumbusha muda wa mabasi ya kurudi na kutuonya kwamba la kwanza linaweza kuwa limejaa. Kisha akageuza, na ukimya ukashuka. Denali haina njia za miguu sehemu kubwa ya eneo lake, na hilo ni la makusudi. Mkiwa kundi mnaombwa mtawanyike badala ya kufuatana, msije mkaacha mchirizi ambao wengine wataufuata mpaka uwe njia. Tundra, ardhi ya nchi za baridi isiyo na miti, inazama chini ya kiatu kama godoro, na kilomita moja juu yake inachosha kuliko tatu za barabarani. Mimi na mdogo wangu tulitembea kila mmoja upande wake, tukizungumza kwa sauti ili dubu asishtukie. Mbele yetu mto ulikuwa umegawanyika vijito vingi juu ya uwanda mpana wa kokoto. Maji yake yanatoka kwenye barafu ya milimani, na huongezeka mchana jua likipiga, hivyo kijito ulichokivuka asubuhi kwa urahisi kinaweza kukuzuia alasiri. Tulibaki upande wetu. Karibuu wachache, wale kulungu wa nchi za baridi, walipita ng'ambo wakikimbia mbu.

Basi la kwanza la kurudi lilikuwa na nafasi moja. Tulilipungia likaenda, tukala mkate wetu tukisubiri lililofuata. Kila mpango wa siku uwe na saa kadhaa za ziada kwa ajili hiyo. Anayepanga kukimbilia treni ya jioni atateseka bure.

Na Mlima Denali wenyewe, ulioipa hifadhi jina? Una mita 6,190, mrefu kuliko wote Amerika Kaskazini, na huwezi kuuona ukiwa langoni. Wageni wengi, kama wawili kati ya kila watatu, huondoka bila kuuona, kwa sababu unajitengenezea mawingu yake. Siku ya East Fork hatukuuona. Nilikuwa nimekata tiketi za basi za siku nyingine pia kwa sababu hiyohiyo, na siku hiyo ya pili pazia lilifunguka. Weupe ule ulikuwa juu mno kuliko tulikokuwa tunaelekeza macho. Mdogo wangu alinishika mkono. "Dada, tazama juu zaidi." Dereva alizima injini bila kuombwa.

Anayetafuta ramani sasa ajue kwamba tangu 2025 serikali kuu ya Marekani inauita mlima McKinley, ila hifadhi imebaki na jina la Denali. Daraja la Pretty Rocks likifunguliwa kwa mabasi, ninataka tiketi ya kijani mpaka Ziwa Wonder, na nimeshakubaliana na mdogo wangu kwamba safari hiyo ataipanga yeye.