Unyuzi mmoja wa waya

Jana jioni kijana wa bodaboda aliegesha mbele ya kibanda changu hapa Mtwara mjini. "Fundi, nibanie jeti. Petroli haishikiki siku hizi." Jeti ni kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli; ukikibana, petroli inapungua. Kabla sijamjibu likapita lori la mifuko ya salfa, dawa ya unga ya mikorosho, linapanda Newala. Harufu ile ikanishika kooni, nikasimama na spana mkononi kama niliyeitwa jina.

Julai 1999. Nilikuwa najifunza ufundi kwenye karakana ya Mjomba. Msimu ule ilijaa mabomba ya injini ya kupulizia mikorosho salfa. Nilikuwa na miaka 16, kazi yangu kufungua kabureta, kuziosha na kuzing'arisha. Niliipenda kazi ile kupita chakula. Kabureta inakuja imeganda salfa na oili, inaondoka inameta. Mjomba alikuwa na sharti moja tu: uso wa kabureta, pale inapokutana na injini, hausuguliwi kiganjani. Unalaza msasa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, unauzungusha uso polepole mpaka uwe bapa kabisa. "Kiganja kina mabonde, mwanangu," alikuwa akisema, "na bonde la kiganja linahamia kwenye chuma."

Akaja Mzee mmoja wa upande wa Kitangari. Mikorosho mingi, petroli ya kuungaunga. Alimwomba Mjomba ambanie jeti, Mjomba akakataa. Injini hizi hazina oili yake pembeni. Oili inachanganywa kwenye petroli, mililita 200 kwa lita 5, na ndiyo inayolainisha pistoni. Ukipunguza petroli umepunguza na oili, na hapohapo hewa inazidi na moto unapanda. Mzee akaitikia, akakaa kimya.

Mjomba alipokwenda kuswali adhuhuri, Mzee alinisogelea. "Mjukuu wangu, nisaidie." Nikachomoa unyuzi mmoja kwenye waya wa redio, nikaupitisha ndani ya jeti, ncha nikazikunja. Leo najua kuhesabu: tundu la milimita 0.7, unyuzi wa 0.2, njia imeziba kama asilimia 8, na petroli inayojikwaruza kwenye waya hupungua zaidi ya hapo. Siku ile niliona ni kitu chembamba kuliko unywele wa mbuzi.

Na kwa haraka hiyohiyo, kioo kikiwa kimefunikwa na makopo, uso wa kabureta niliusugua kiganjani. Ulimeta vizuri sana.

Alfajiri nilimsindikiza shambani na bomba. Newala mwezi wa saba ni baridi na ukungu, na ndiyo saa yenyewe ya kupuliza: upepo haujaamka, umande bado uko kwenye maua, salfa inanata. Ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho tunaoupulizia salfa, ulikwishaanza, vumbi jeupe juu ya vichipukizi kama majivu ya jiko. Mzee akafunga kitambaa usoni, nikamvisha bomba mgongoni, nikavuta kamba. Liliwaka mvuto wa kwanza. Aligeuka kunitazama, na macho yake yalicheka juu ya kitambaa.

Mkorosho wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wingu la manjano lilipanda kwenye matawi, likatulia, likashuka taratibu. Injini ilikuwa inaimba. Kwenye mkorosho wa tano sauti ilianza kupanda yenyewe, nyembamba, tamu, bila Mzee kuongeza moto. Nilisimama nikiisikiliza kwa fahari. Nilidhani ule ndio ung'arishaji wangu unaongea. Ikapanda tena, nyembamba zaidi, kama mluzi wa mtu anayeita mbwa kutoka mbali. Halafu ikakata. Haikupwaya, haikukohoa. Ilikata, na kamba nilipoivuta ilikuwa kama imefungwa kwenye kisiki. Salfa iliyobaki hewani iliendelea kutushukia, kwenye nyusi za Mzee, kwenye mikono yangu. Jogoo aliwika mahali. Mzee alishusha bomba, akaligusa kwa kiganja, akakiondoa haraka.

Imenoki. Mjomba alifungua: pistoni imechunika ubavuni, silinda ina michirizi. Akafungua jeti, akautoa unyuzi, akauweka kwenye kifuniko cha kiberiti. Akanitazama. Mzee akawahi: "Nilimwomba mimi. Mtoto hana kosa." Mjomba hakutafuta zaidi. Pistoni nyingine ilipatikana baada ya siku tisa, na maua ya Mzee yalikuwa yameshakauka meusi.

Habari ya kiganja sikuisema. Uso uliopinda unavuta hewa ya wizi pembeni ya gasketi, na hewa hiyo peke yake inatosha kunokisha injini. Ulikuwa unyuzi, au ulikuwa uso? Vyote viwili? Nimeifungua injini ile kichwani mara nyingi na sijapata jibu. Mzee alifariki akiamini ni tamaa yake ya petroli, na aliwasimulia hivyo hata wanawe.

Kijana wa bodaboda nilimfungulia plagi kwanza. Nyeupe, dalili ya hewa kuzidi. Nikamwambia jeti hatuigusi, inavuta hewa mahali. Nikakitoa kioo cha Mjomba kwenye gazeti lake, nikalaza msasa. Akaketi kwenye kreti, akauliza itachukua muda gani.

"Kaa," nilimwambia.