Nilivyojifunza kutazama picha, hadi nikawa na jarida langu

Ushauri wa kwanza niliopewa nilipotangaza kwamba nataka kuwa mhakiki wa sanaa ulikuwa mbovu kabisa: "Wewe sifia tu. Wasanii watakupenda, wenye kumbi watakupa matangazo." Aliyenipa alikuwa mhariri mzoefu, kwa hiyo nikamwamini, na miaka yangu miwili ikapotea. Nikimkumbuka bado nakasirika.

Kwenye tahakiki moja ya maonyesho ya rangi za mafuta niliandika kwamba kazi zile "zinagusa nafsi" na "zina kina". Mchoraji aliisoma, akanipigia simu, akaniuliza kwa upole: "Ndugu yangu, ile picha kubwa ya ukuta wa kushoto ina watu wangapi?" Nikakosa jibu. Walikuwa watatu. Mmoja alikuwa amewapa wenzake mgongo, na huyo ndiye aliyebeba picha nzima. Nilikuwa nimesifu kitu ambacho sikukitazama.

Hapo ndipo nilipobuni mbinu ninayojivunia kuliko zote. Nilirudi ukumbini na daftari, nikakaa mbele ya picha ile saa nzima. Dakika kumi za mwanzo macho yanazurura tu, usikate tamaa. Ilipofika kama dakika ya ishirini nikagundua kuwa kivuli cha yule mtu wa tatu kinaangukia upande ambao mwanga wa dirisha usingekipeleka. Nikaandika aya moja bila neno "nzuri" wala "kusisimua". Jioni nikampigia simu mdogo wangu, ambaye hakuwahi kuiona picha hiyo, nikamsomea, nikamwomba aichore kwa penseli. Alichonitumia kilikuwa vurugu: dirisha upande usio wake, watu wamejipanga mstari mmoja. Kosa lilikuwa langu, niliandika "pembeni" bila kusema pembeni ipi. Nikaandika upya, akachora upya. Mara ya nne mchoro wake ulikaribiana na turubai kiasi kwamba nilipiga kelele peke yangu chumbani. Tangu hapo sitoi hukumu juu ya picha mpaka aya yake ipite kwenye penseli ya mdogo wangu.

Kwa wenye haraka ya kuhukumu, mkumbukeni Louis Leroy, mhakiki wa Kifaransa. Mwaka 1874 alichukua neno moja, "Impression", katika jina la picha ya mchoraji Monet akawakejeli nalo Monet na wenzake, na leo dunia nzima inawaita kwa neno hilohilo, Impressionists, kwa heshima. Naye mhakiki wa Uingereza John Ruskin alimshambulia mchoraji Whistler kwa maandishi mwaka 1877, akashtakiwa. Mwaka uliofuata Whistler alishinda kesi, akalipwa fidia ya robo ya peni, kisha gharama zikachangia kumfilisi. Hakuna aliyetoka pale na faida.

Nilipotaka kuanzisha jarida, wakaja wengine: huna shahada ya historia ya sanaa, utachekwa. Lakini Okwui Enwezor, Mnigeria aliyekuwa mwandaaji maarufu wa maonyesho ya sanaa, alisomea sayansi ya siasa. Mwaka 1994 alishiriki kuanzisha jarida la sanaa la Nka huko Marekani, baadaye akaongoza maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa: Documenta ya Ujerumani mwaka 2002 na Biennale ya Venice, Italia, mwaka 2015. Jina lake lilinipa nguvu nyingi.

Toleo la kwanza lilikula akiba yangu yote na mkopo wa shemeji, tuseme mishahara minne au mitano. Nilipeleka kurasa 38. Mchapaji akaniambia kurasa za jarida la kubana kwa pini lazima ziende kwa nne nne, basi nikakata kurasa mbili, na zilikuwa dibaji yangu mwenyewe. Sijutii. Kilichoniuma ni rangi: bahari ya buluu iliyong'aa kwenye kompyuta ilitoka ya zambarau. Kioo cha kompyuta hung'aa kwa mwanga, mtambo wa kuchapa huchanganya wino nne, na kuna buluu ambazo wino hizo hazizifikii. Siku hizi nabeba nakala ya majaribio hadi kwenye picha yenyewe, naziweka sambamba mchana karibu na dirisha, naandika ukingoni "punguza majenta", yaani ule wino wa waridi iliyokolea. Usikubali kusahihisha rangi ofisini usiku.

Toleo la tatu, mwenye ukumbi mmoja aliyelipia jalada la nyuma alitaka nilainishe tahakiki ya maonyesho yake. Nilimrudishia pesa siku hiyohiyo, na mkono wangu ulitetemeka, maana zilikuwa karibu nusu ya gharama za uchapaji. Jalada lilibaki tupu na kesho yake tunakwenda mtamboni. Nikafungua faili la michoro ya mdogo wangu, nikachukua ule wa nne, wenye watu watatu na kivuli kilichopotoka, nikauchapa ukurasa mzima pamoja na jina lake. Wasomaji bado wananiandikia wakimuulizia.