Kwani majani yatakuwa mekundu?

"Kwani ukichorea hapa uani, majani yatakuwa mekundu?"

Dada aliuliza akiwa na beseni la nguo kiunoni, bila hasira hata chembe, kisha akaenda zake kuanika. Angesema kwamba msituni, ninakokwenda kuchora, naenda kuwakimbia ningejibu papo hapo na yangeisha. Yeye kauliza habari za majani. Wiki nzima, ofisi imehamia ghorofa ya chini, mapacha wametimiza mwaka, na mimi kichwani nina majani tu.

Jibu la kwanza lililonijia ni la maji. Rangi za maji hazingoji mtu. Ukishaitandaza anga kwenye karatasi, una dakika chache tu za kuingiza ukungu wa miti ya mbali wakati karatasi bado inang'aa kwa unyevu. Mng'ao ukishaanza kufifia, simama. Ukigusa hapo kwa brashi iliyojaa maji, maji mapya huisukuma rangi iliyoanza kukauka na kuacha doa lenye kingo zilizochanika, na doa hilo halifutiki. Uani ndiyo dakika hizo hizo mtu anapoita, "Njoo ushike huku." Huwezi kumjibu ndugu yako kwamba karatasi inakauka. Kule msituni bondeni hakuna wa kuita, ndiyo maana napaita kimbilio, na sina maana nyingine kubwa zaidi ya hiyo. Ni mahali ambapo kazi ya dakika nane inapewa dakika zake nane.

Jibu la pili ni la jua. Jua huonekana kusogea nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo kivuli ulichokikuta kwenye shina si utakachokiacha. Anayejua kazi hii huchora kwanza mipaka ya vivuli kwa penseli, kisha hushikilia mipaka hiyo hata vivuli vyenyewe vikishahama. Baada ya saa mbili, afunge. Akiendelea atachanganya asubuhi na adhuhuri kwenye mti mmoja, na jicho la mtazamaji litajua kuna uongo hata kama halitajua uko wapi. John Constable, Mwingereza aliyechora mawingu kule Hampstead mwaka 1821 na 1822, aliandika nyuma ya nyingi ya picha hizo tarehe, saa na hali ya upepo. Naona ni adabu nzuri kwa mawingu.

Na mahali pa kukaa nako kuna hesabu yake. Katikati kabisa ya msitu si pazuri. Mwanga unaopenya majani huwa umekwisha kuchujwa, wekundu na ubuluu mwingi umebaki juu kwenye majani, na jicho linazoea upesi hata karatasi iliyogeuzwa kijani na mwanga huo ikaonekana nyeupe. Rangi ulizozipima humo hubadilika mara utokapo. Wala usiiweke karatasi juani, kwa sababu huwaka mno na utaikolezea rangi kupita kiasi. Nyumbani picha itakuwa giza. Kaa ukingoni mwa uwazi, karatasi ikiwa kivulini lakini ikiona anga. Iwe nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba, nyepesi hujikunja. Msituni pia karatasi hukawia kukauka. Iguse kwa mgongo wa kidole, ikiwa baridi bado ina maji ndani, hata kama juu inaonekana kavu. Maji safi beba yako, lita moja inatosha, maana ya mto yana mchanga laini unaobaki kwenye anga ya picha.

Haya yote nimekuwa nikimwambia Dada kichwani kila usiku, na kila nikimaliza ananiuliza tena yale yale. Majani yatakuwa mekundu?

Basi leo jioni nilikuwa naosha kibweta cha rangi. Vidonge vyote bado vina unene wake isipokuwa kimoja, kimelika hadi bati la chini linaonekana. Ni chekundu. Kibweta kinachochora miti na nyasi tu!

Nimekaa pale kwenye sinki nacheka peke yangu, kwa sababu jibu ni ndiyo. Kijani kile kikali cha thalo, rangi ya kiwandani iliyomo kibwetani, humeza karibu mwanga wote mwekundu, wakati jani la kweli hurudisha njano nyingi na wekundu kidogo. Ukikipaka kama kilivyo, msitu unakuwa wa plastiki. Dawa yake ni ncha ya brashi ya nyekundu. Kijani kinatulia, kinaelekea rangi ya zeituni. Ongeza kidogo, unapata kivuli cha chini ya matawi. Ongeza tena, unapata ule weusi wenye uhai wa kati ya mashina, ambao kamera mara nyingi huugeuza shimo tupu. Jani linalopigwa na jua kwa nyuma ndilo pekee nisilolitia nyekundu; hilo lataka njano safi. Na machipukizi, miti mingi tu, huanza yakiwa mekundu kabisa kabla klorofili, ile inayoyapa majani ukijani, haijajaa. Dada kaugusa moyo wa kazi akiwa na beseni kiunoni, na mimi nikadhani nimechomwa mwiba.

Kesho nitamwekea kibweta mezani akione mwenyewe. Halafu ndiye ninayemwachia karatasi yenye jina la njia na saa ya kurudi kila niendapo. Ningepaswa kujua hakuwa anadharau.

Kitinda mimba wetu lakini hapokei simu tangu Jumatano. Alisema anahama chumba, hakusema anahamia wapi, na jirani yake wa zamani anasema ufunguo aliuacha usiku.